Milima ya nyuma kuonekana imebandikwa

Umeuliza kwa nini milima katika picha yako ya rangi za mafuta inaonekana imebandikwa juu ya miti ya mbele ingawa umeipaka buluu. Buluu peke yake haitoshi. Kinachosogeza mlima mbali zaidi ni kupungua kwa tofauti kati ya mwanga na kivuli: hewa ikizidi katikati, vivuli vinafifia, hadi kivuli cha mlima wa mwisho kinakaribiana na anga yenyewe. Weusi wote ubaki mbele.

Mtazame Claude Lorrain, aliyechora nyanda za kuzunguka Roma katika karne ya 17. Miti mikubwa ya giza iko pembeni, maji au daraja katikati, kisha vilima vinayeyukia kwenye mwanga. Tena jua likiwa chini, vilima vyake vya mbali huelekea dhahabu, si buluu tu!

Anza na anga. Rangi hiyo hiyo ya anga ichanganye katika kila safu ya vilima: nyingi kwa ya mbali, kidogo kwa ya karibu. Kingo za mbali zilainishe kwa brashi kavu rangi ikiwa bado mbichi. Ukitaka ukungu zaidi, subiri ikauke, kisha pitisha tabaka jembamba sana la rangi ya anga iliyozimuliwa kwa mafuta ya kitani.