Kwa Mtafiti Anayeanza Kuchunguza Upumuaji wa Watoto Wachanga

Kabla hujaamini chombo chochote, jifunze kuhesabu pumzi kwa macho, kwa dakika nzima. Mtoto mchanga mwenye afya hupumua takriban mara 40 hadi 60 kwa dakika, lakini mwendo wake haulingani: huharakisha, hupunguza, husita kwa sekunde kadhaa, kisha huendelea. Anayehesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara 4 ataandika idadi ambayo mtoto yule hakuipumua kamwe. Pumzi zikikatika kwa sekunde 20 au zaidi, hilo si kusita kwa kawaida, na huonekana zaidi kwa watoto njiti.

Idadi hiyo haina maana bila hali iliyopimwa ndani yake. Andika mtoto ana dakika au saa ngapi tangu azaliwe, ujauzito ulifika wiki ya ngapi, na kama alikuwa amelala, analia au ametoka kunyonya. Tumboni mapafu hujaa majimaji, ambayo pumzi za kwanza huyasukuma yafyonzwe ili hewa ichukue nafasi. Ndiyo maana oksijeni katika damu ya mtoto mzima kabisa inaweza kuwa karibu asilimia 60 katika dakika ya kwanza, na ikahitaji takriban dakika 10 kufika asilimia 85 hadi 95. Kipimo kilekile cha asilimia 60 baada ya saa moja ni hatari. Kumbuka pia kwamba kipima oksijeni cha kidoleni au mguuni huweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko ukweli kwa wenye ngozi nyeusi, jambo ambalo kwa maoni yangu tafiti nyingi bado hazilipi uzito unaostahili.

Umri wa ujauzito ndio ninaousisitiza kuliko yote. Mwaka 1959 watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto njiti waliokufa kwa shida ya kupumua yalikosa sufaktanti, utando unaozuia vifuko vya hewa visisinyae. Na mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wakathibitisha kwamba dawa za kotikosteroidi akipewa mama kabla ya kujifungua huyakomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni. Liggins alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu kwa kondoo, akashangaa kuona mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno anapumua. Dawa hiyo hiyo, hata hivyo, akipewa mama ambaye ujauzito wake umekadiriwa vibaya, inaweza isimfae mtoto wake. Kwa hiyo tafuta kipimo cha picha ya tumbo (ultrasound) cha miezi ya mwanzo ya ujauzito, wala usitosheke na kumbukumbu ya hedhi pale kipimo hicho kinapopatikana.

Usidhani nia njema inatosha. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 watoto njiti walipewa oksijeni nyingi bila kupimwa, maelfu wakapofuka. Baadaye ilipobanwa kupita kiasi, wengine wakafa kwa kuikosa.

Ridhaa ya wazazi iombe mapema, kabla mama hajashikwa na uchungu. Mtoto akizaliwa bila kupumua, acha vipimo vyako vyote na uwapishe wahudumu, kwa sababu anapaswa kuanza kupuliziwa hewa kwa barakoa ndani ya dakika ya kwanza.