Jina Likishapatikana, Ulizia Ukoo

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mombasa aliniandikia inboksi: "Dada, naona unafuatilia kesi za zamani za vijana waliopotea huko Marekani. Na mimi nataka kuanza. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini najua mko wengi mnaokesha na habari hizi kama mimi, kwa hiyo niseme hapa mara moja.

Watu hudhani maiti ikishapata jina, kazi imekwisha. Mchukueni Tammy Jo Alexander. Novemba 1979 alikutwa ameuawa kwa risasi kwenye shamba la mahindi huko Caledonia, jimbo la New York. Ngozi yake ilikuwa na alama za mtu aliyeota jua kwa bikini, ilhali New York mwezi huo ni baridi tupu. Hata chavua iliyonasa kwenye nguo zake, ilipokuja kuchunguzwa, ilielekeza kwenye majimbo ya joto. Akazikwa bila jina. Mwaka 2015 ndipo DNA ya dada yake waliyechangia mama ilipothibitisha kuwa ni yeye, binti wa Brooksville, Florida, aliyeuawa akiwa na miaka 16 tu. Taarifa ya kupotea kwake iliyofungua njia iliandikishwa 2014, baada ya rafiki yake wa shule kuanza kumuulizia. Miaka 35! Hapo huhitaji kuwa mpelelezi ili ujiulize nyumbani kwao kulikuwaje.

Kesi niliyohangaika nayo mimi ni nyingine: jina la binti lilishapatikana, ila haikujulikana kilichompeleka huko mwili wake ulikookotwa. Jina lake silitaji kwa sababu ndugu zake wako hai. Shuleni alitumia jina la baba wa kambo, kwenye cheti cha kuzaliwa jina jingine, na mama yake aliolewa tena na tena. Sitawachosha na usiku niliopoteza kwa majina yanayofanana. Kilichonitoa gizani ni tanzia ya bibi yake, kwenye gazeti la mji mdogo, mistari michache imebanwa pembeni ya tangazo la matairi. Iliandikwa kuwa marehemu ameacha wajukuu saba, wote wametajwa. Kwenye daftari langu mimi nilikuwa nao wanane. Nikarudia kuhesabu kwa kidole. Aliyekosekana ni yeye. Na juu ya majina ya wajukuu kulikuwa na binti wa marehemu, yaani shangazi mtu, na mji anaoishi: jirani kabisa na mahali mwili ulipookotwa.

Niliwatumia wapelelezi wa kesi kila kitu, kimepangwa vizuri, na ukurasa wa gazeti juu yake. Kimya. Miezi ikapita, nikasoma kwenye habari kwamba "wachunguzi wamebaini" familia ilikuwa na ndugu eneo lile. Sisemi walichukua kwangu. Ila tarehe ya barua pepe yangu naijua, na asante sikuiona mpaka leo. Nimeshazoea. Haijaacha kuniuma.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mombasa, anza na tanzia. Tanzia za babu, bibi, mashangazi, hata za watalaka. Sensa ya Marekani ya mwaka 1950 ilifunguliwa 2022, maana kwa sheria yao majina hufichwa miaka 72. Humo utaona nani alilala nyumba moja na nani, wakati wazazi wa binti walipokuwa wadogo. Fuatilia ukoo wa mama kabla hajaolewa, kwa sababu majina hupotelea kwenye ndoa. Halafu rudi kwenye tanzia. Kwetu pwani wazee wakiletewa posa huulizia ukoo mpaka kwa mababu. Wewe fanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba huku unauliza makaratasi.

Na acheni kuhukumu. Naona watu wakiandika "mama gani hamtafuti mwanawe?" Unajua alipiga hodi vituo vingapi akaambiwa mtoto katoroka, atarudi mwenyewe? Miaka hiyo binti wa miaka 16 akiondoka nyumbani, mara nyingi polisi walimwita mtoro, faili likaishia hapo.

Msomaji wangu wa Mombasa aliniuliza pia kama amwandikie kaka wa binti fulani, kwa kuwa amempata Facebook. Hapana. Usimwandikie, usimtumie picha, wala usijifanye jamaa. Ulichonacho mpelekee mpelelezi pamoja na namba ya kesi, na nakala ubaki nayo, yenye tarehe.