Vipande vya urembo vinadondoka kwenye kioo: nitumie gundi gani?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Tanga, natengeneza vioo vya saluni na kubandika gololi bapa na vipande vya kioo cha rangi pembezoni. Nilianza na supagluu; vikadondoka na kuacha ukungu mweupe. Nikahamia silikoni, na sasa kingo za kioo zinaingia weusi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Tuanze na huo weusi, maana ndio unaokula mtaji wako. Kioo cha kujitazamia kimepakwa fedha mgongoni, juu yake rangi ya kuikinga. Silikoni inayonuka siki hutoa tindikali inapokauka. Wewe unabandika usoni, kwa hiyo katikati haigusi fedha, lakini kwenye ukingo uliokatwa fedha iko wazi, na hapo ndipo tindikali inapoingilia. Tafuta silikoni isiyo na tindikali. Kwenye tyubu huandikwa "neutral". Muuzaji akikwambia zote ni zilezile, kamua kidogo unuse. Pua haidanganyi.

Supagluu iache. Huganda haraka lakini inakuwa ngumu isiyonyumbulika, na saluni ni mvuke na joto la draya kutwa nzima. Ule ukungu ni mvuke wa gundi yenyewe ulioganda juu ya kioo.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshaharibu: kioo huonyesha kila kitu mara mbili. Povu moja la hewa chini ya gololi angavu utaliona mawili, na silikoni itaonekana kama maziwa. Kwa vipande vinavyopitisha mwanga mimi natumia gundi ya UV, yaani inayoganda ikipigwa na mionzi ya urujuanimno. Tone moja katikati, bonyeza taratibu lienee lenyewe, kisha limulike kwa taa yake au litoe juani. Pangia kivulini, la sivyo itaganda kabla hujanyoosha mstari. Vipande vyekundu sana au vya rangi ya kaharabu huzuia mionzi hiyo, na gundi hubaki mbichi chini. Vipande hivyo, pamoja na visivyopitisha mwanga kabisa, vibandike kwa silikoni. Epoksi, ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya, inashika vizuri pia, ila ikipigwa na jua hugeuka njano, kwa hiyo ifiche chini ya vipande vizito tu.

Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia pembeni kwenda ndani, milimita mbili tatu kwa siku. Chini ya kipande kipana usiipake yote; weka mistari yenye nafasi, uache siku kadhaa kikiwa kimelala.

Kabla ya yote futa kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi, pande zote mbili zinazokutana. Lowesha kitambaa, usimwagie kioo, isije ikatiririka hadi mgongoni.

Vioo vilivyokwisha kuingia weusi havirudi. Vivalishe fremu pana ifunike ukingo.