Shifta fupi na giaboksi ya zamani: nilichokikuta nilipofungua yangu

Mkuu, umeuliza kama kufunga shifta fupi, yaani liva ya gia inayofupisha mwendo wa mkono, kwenye gari ya spoti ya zamani kutakuulia giaboksi, na mpaka sasa umejibiwa na kambi mbili. Mmoja kasema inatafuna sinkronaiza, zile pete zinazolinganisha kasi kabla gia haijaingia, mwingine kasema huo ni woga wa mafundi wa zamani. Mimi nimekaa nayo miaka sita kwenye Mazda MX-5 ya 1991, ile ya injini ya 1.6 na gia tano, na giaboksi nimeishusha mara mbili kwa mikono yangu. Kwa hiyo nitasema nilichokiona, halafu utaamua.

Kwanza tuweke hesabu sawa, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Liva ya gia ni wenzo tu. Tuseme juu ya egemeo kuna sentimita 20 na chini yake sentimita 4. Ncha ya chini ikihitaji kusogea sentimita 2 ili gia iingie, kitasa mkononi mwako kinasogea sentimita 10. Ukirefusha ile ncha ya chini iwe sentimita 6, kitasa kinasogea sentimita 6.7 tu. Raha tupu. Lakini angalia upande wa pili: mwanzoni ukisukuma kwa kilo 5, ncha ya chini inapata kilo 25. Sasa kwa kilo 5 zilezile inapata kama 17. Kuzipata tena zile 25 inabidi usukume kwa kilo 7 na nusu. Wanaosema shifta fupi inaongeza nguvu inayoingia kwenye giaboksi wameishika hesabu kichwa chini. Inaipunguza. Anayeongeza nguvu ni wewe mwenyewe, kwa sababu liva imekuwa ngumu na unaona kama gia inakataa.

Na gia kweli inakataa, kwa sababu nzuri. Ile pete ya shaba ya sinkronaiza inabana koni ya gia na kuisugua mpaka kasi zao zilingane. Kabla hazijalingana, meno ya pete yanaziba njia na kola, ile inayosukumwa na liva kuifunga gia, haipiti. Kazi hiyo inataka muda, hata kama ni mdogo sana, na muda huo haupungui eti kwa kuwa liva yako ni fupi. Kwa liva ndefu mkono unausikia ule mgomo: unabisha hodi, unasubiri kidogo, unakaribishwa. Kwa liva fupi kila kitu ni kigumu tangu mwanzo, kwa hiyo mkono hautofautishi ugumu wa wenzo na mlango uliofungwa. Unaingia bila hodi. Mimi naona madhara ya shifta fupi yako hapo: inakuziba masikio ya mkono.

Sasa yangu. Kama miezi minane baada ya kuifunga, gia ya pili ilianza kukwaruza asubuhi oili ikiwa baridi. Baadaye ikawa inakwaruza hata ikiwa ya moto, hasa nikishuka kutoka ya tatu. Nikailaumu shifta kama ambavyo kila mtu angefanya. Nikaitoa, nikarudisha liva ya kiwandani, na gia ikaendelea kukwaruza vilevile. Nilikuwa mbishi kweli, nikazunguka hivyo wiki kadhaa nikitafuta oili ya miujiza, mpaka siku moja rivasi nayo ikalia nikiwa nimesimama kabisa na klachi nimeikanyaga mpaka chini.

Hapo ndipo akili ilipokaa sawa. Silinda ya chini ya klachi, ile inayosukuma klachi iachie, ilikuwa inavujisha mafuta kwenye raba, kwa hiyo klachi haikuwa inaachia yote. Shafti ya kuingilia ilikuwa bado inazungushwa na injini wakati pete ya sinkronaiza inajitahidi kubadilisha kasi yake. Pete ya shaba itashindana vipi na injini?

Nilipofungua giaboksi, pete ya gia ya pili ilikuwa imelainika, vifereji vya kukatia oili vimekwisha, na meno ya gia yenyewe yameviringika ncha. Ya tatu na ya nne nilizipima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), zote zilikuwa bado ndani ya kipimo. Najua gia ya pili ndiyo hufanya kazi nzito kuliko wenzake kwenye giaboksi nyingi, kwa hiyo sitasema nimethibitisha kitu kisayansi. Ila zile nyingine nilikuwa nazipigapiga kwa shifta ileile, mkono uleule usio na subira, na zilikuwa hai. Kosa langu ni kuwa niliendelea kuilazimisha gia iliyokuwa inalalamika, na ukweli ni kwamba kwa liva ndefu ningelisikia lalamiko hilo mapema zaidi.

Shifta fupi inaweza kuharibu yenyewe kwa ufungaji mbaya. Ile ncha ya chini iliyorefushwa, au liva yenyewe, ikigonga kitu kabla gia haijaingia yote, gia inabaki imeshika nusu ya meno. Mara inaruka yenyewe ukiachia mafuta, na kila ikiruka inamomonyoa ncha. Kabla hujarudisha konsoli ya plastiki na ngozi yake, ingiza gia zote injini ikiwa imezimwa, uangalie kama kuna mahali liva inagusa. Kwenye MX-5 ya kwanza, liva inakaa kwenye kibakuli chenye oili yake kidogo juu ya giaboksi. Nilipofungua changu, oili haikuwepo na raba ya vumbi ilikuwa imechanika. Kuweka bushi mpya na oili pale peke yake kulinipa nusu ya utamu niliokuwa nautafuta kwa shifta.

Kwa wenye Porsche 911 za giaboksi ya 915, zile za 1972 hadi 1986, ningekuwa mgumu zaidi. Sinkronaiza zake ni za muundo wa Porsche wenyewe na zinapenda mkono wa taratibu, halafu kati ya liva na giaboksi kuna fimbo ndefu yenye bushi na kiungo vinavyolegea kwa umri. Niliwahi kuendesha moja ambayo mwenyewe alibadilisha hizo bushi tu, na liva ya kiwandani ilikuwa imekaza vizuri kabisa. Giaboksi ya G50 iliyokuja 1987 kuchukua nafasi yake ni habari nyingine, ile inavumilia.

Oili nayo isome kwenye kitabu cha gari. Kikisema daraja la GL-4, usiweke GL-5 eti kwa sababu namba ni kubwa. GL-5 ina viungo vingi zaidi vya salfa na fosforasi kwa ajili ya difu (gia za kwenye ekseli), na utelezi wake unaifanya pete ya shaba ikose mshiko.

Kabla hujanunua chochote, fanya hivi: gari ikiwa ya moto, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta), kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, ingiza rivasi. Kwenye gari nyingi za umri huo rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo haiwezi kukuficha. Ikilia, pesa ya shifta ipeleke kwenye klachi kwanza. Ijaribu leo, halafu urudi utuambie imelia au imenyamaza.