Re: Pacha mmoja ana lupasi, mwingine hana

Pole sana kwa kuuguliwa, dada. Umeuliza: ikiwa wewe na pacha wako wa kufanana mna jeni zile zile, mbona lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, imempata yeye tu? Kuwa na jeni ni jambo moja, jeni hiyo kuamka na kufanya kazi ni jingine. Mwaka 2003 watafiti waliopima damu ya wagonjwa wa lupasi walikuta jeni nyingi zinazoamshwa na interferoni, protini ya mwili ya kupambana na virusi, zikifanya kazi kupita kiasi, kana kwamba kuna virusi visivyoisha. Dawa ya anifrolumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, huziba mlango wa interferoni hiyo. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kwamba interferoni inachangia ugonjwa huu. Ila si kila mgonjwa ana alama hiyo ya jeni zilizoamka kupita kiasi, basi mzungumze na daktari wake kwanza kuhusu dawa hiyo.