Ushauri kwa Mchezaji wa Besiboli Anayetaka Kuwa Kocha na Meneja

Mchezaji anayetamani kufundisha besiboli baada ya kustaafu asingoje siku ya kustaafu ndipo aanze kujifunza kazi hiyo. Nawaambia hivi vijana ninaowafundisha, hasa wale wanaokaa benchi na kudhani kwamba muda wao unapotea bure, na mfano ninaowapa mara nyingi ni wa Bruce Bochy, mchezaji wa kawaida aliyekuja kuwa mmoja wa mameneja waliofanikiwa zaidi katika besiboli ya Marekani.

Kwanza tuelewane kuhusu vyeo, kwa sababu wengi wetu tumelelewa na soka. Katika besiboli ya kulipwa, meneja ndiye anayefanya kazi ambayo kwenye soka ni ya kocha mkuu: hupanga nani aanze, nani apumzike, na mrushaji yupi, yaani anayemrushia mpigaji mpira, aingie wakati gani. Makocha ni wasaidizi wake, na kila mmoja ana eneo lake, awe wa warushaji, wa wapigaji, wa besi ya kwanza au wa besi ya tatu (besi ni vituo vinne anavyopitia mkimbiaji ili timu ipate pointi). Kusajili na kuuza wachezaji ni kazi ya watu wa ofisini.

Bochy alizaliwa Ufaransa mwaka 1955, baba yake akiwa huko kama askari wa Jeshi la Marekani. Alicheza Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani kwa misimu 9 kati ya 1978 na 1987, akiwa na Houston Astros, New York Mets na San Diego Padres, lakini kwa muda wote huo hakufikisha michezo 400, na wastani wake wa upigaji ulikuwa 0.239, yaani alifanikiwa chini ya mara moja katika kila majaribio manne. Alikuwa mdakaji wa akiba, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji. Mtu anayesoma takwimu peke yake atamwona kama mchezaji wa kusahaulika, lakini mimi naona kwamba nafasi ile ndiyo iliyomsomesha. Mdakaji ndiye mchezaji pekee wa timu inayolinda anayewakabili wenzake wote kwa uso. Ndiye anayemwonyesha mrushaji ishara ya mpira wa kurusha, na mkono wa mrushaji unapoanza kuchoka, yeye hulihisi jambo hilo ndani ya glovu yake kabla mtu mwingine hajaliona. Mdakaji wa akiba tena huwadakia warushaji wanaopasha mwili kabla ya kuingia, kwa hiyo humjua kila mmoja wao, yule anayehitaji mipira mingi ili awe tayari na yule anayeharibika akisubirishwa.

Ukiwa benchi, basi, kaa na daftari. Andika ni mpigaji gani wa upande wa pili anayeharakisha kuupiga mpira wa kwanza anaorushiwa, ni mlinzi gani wa nyuma mwenye mkono dhaifu, na mrushaji wenu alianza kupoteza shabaha baada ya kurusha mara ngapi. Kisha jiulize, kabla meneja hajaamua, wewe ungefanya nini, na uandike jibu lako kabla ya kuona matokeo. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa maana huwezi kujidanganya baadaye kwamba ulijua.

Jambo la pili ni kukubali kuanzia chini. Bochy hakupewa timu kubwa kwa sababu aliwahi kuvaa jezi yake. Mwaka 1989 alianza na Spokane, timu ya daraja la chini katika mfumo wa Padres, na hadi mwaka 1992 alikuwa bado katika ligi ndogo, ambako timu zake zilitwaa ubingwa wa ligi zao mara tatu. Huko meneja hufundisha, hufariji vijana walio mbali na nyumbani, na humwambia mmoja baada ya mwingine kwamba safari yake imefika mwisho. Baadaye alikuwa kocha wa besi ya tatu wa Padres, 1993 na 1994, kazi ya kuamua kwa sekunde moja kama mkimbiaji aendelee kwenye besi ya nyumbani, kituo cha mwisho ambako pointi hupatikana, au asimame. Uamuzi huo hutegemea maandalizi: ikiwa bado hakuna aliyetolewa katika zamu yenu, mzuie mkimbiaji mwenye mashaka, kwa sababu wapigaji wanaofuata watakuwa na nafasi kadhaa za kumleta; lakini wakiwa wametolewa wawili, na wa tatu ndiye humaliza zamu, mruhusu ajaribu. Mwaka 1995 ndipo alipokabidhiwa timu ya Padres kama meneja.

Ninapenda kukaa zaidi kwenye miaka yake ya San Francisco Giants, aliyoianza mwaka 2007. Barry Zito, mrushaji aliyesaini mkataba wa dola milioni 126, aliachwa nje ya kikosi cha mechi zote za mtoano mwaka 2010, na Giants wakatwaa ubingwa bila yeye kurusha mpira hata mmoja. Miaka miwili baadaye, timu ikiwa nyuma kwa michezo 3 kwa 1 dhidi ya St. Louis Cardinals katika mfululizo wa mtoano wa kuwania ushindi wa michezo minne, Bochy alimpa Zito mchezo wa tano, naye akawazuia wapinzani wasipate hata pointi moja katika iningi zaidi ya 7 (mchezo wa kawaida una iningi tisa, yaani vipindi ambavyo kila timu hupata zamu ya kupiga). Giants walipofika World Series, mfululizo wa fainali ya ubingwa, Zito akaanzishwa katika mchezo wa kwanza dhidi ya Detroit Tigers, na wakashinda. Katika mechi za mtoano za mwaka huohuo, Tim Lincecum, aliyewahi kutangazwa mrushaji bora wa ligi yake mara mbili, alitumiwa zaidi kama mrushaji wa akiba na akaikubali kazi hiyo. Unaweza kumweka benchi nyota wako, lakini umwambie mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajaliona jina lake limekosekana kwenye orodha, na uendelee kumfundisha kama mtu utakayemhitaji kesho.

Mfano mmoja wa Bochy naomba msiuige. Katika World Series ya 2014, Madison Bumgarner alirusha mipira 117 katika mchezo wa tano, na baada ya kupumzika siku mbili tu akaingia katika mchezo wa saba na kurusha mingine 68 katika iningi tano, mpaka ubingwa ukapatikana. Yule alikuwa mtu mzima wa kulipwa, katika mchezo wa mwisho wa mwaka. Kanuni za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, zinamruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha mipira isiyozidi 85 kwa siku, na akifikisha 66 au zaidi, lazima apumzike siku 4. Tangu timu ya Lugazi kutoka Uganda iliposhiriki mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika, vijana wa kwetu wana sababu ya kuota ndoto kubwa, na kocha anayeuchosha mkono wa mtoto ili ashinde kombe la mtaa anamwibia ndoto hiyo. Mpe mtu mmoja kazi ya kuhesabu tu.

Bochy alipoondoka Giants mwaka 2019 alikuwa ameshinda michezo 2,003 na kupoteza 2,029, pamoja na mataji matatu ya World Series. Texas Rangers walimwajiri licha ya hesabu hiyo ya vipigo, na mwaka 2023, msimu wake wa kwanza nao, wakapata ubingwa ambao klabu ilikuwa haijawahi kuupata tangu ilipoanza mwaka 1961. Kwa hiyo unapoandika barua ya kuomba kazi ya ukocha, usiijaze idadi ya ushindi. Eleza ni wachezaji wa namna gani waliopita mikononi mwako, walikuja wakishindwa nini, na waliondoka wakiweza nini.