Usiunde Upya Vitenzi vya Kigermaniki kwa Kutegemea Kigothi Peke Yake

Msomaji mmoja ameniuliza kama Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokwisha kufa, kinatosha kwa anayetaka kuunda upya (yaani kukisia kwa kulinganisha lugha zilizotokana nayo) vitenzi vya Kigermaniki mame, lugha iliyozaa Kigothi, Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Swali hilo limenitonesha kidonda, kwa maana mhadhiri mmoja aliwahi kunikatiza mbele ya wenzangu akisema kwamba Kigothi ndicho kikongwe, kwa hiyo mjadala umekwisha; na alama akanikata.

Tulikuwa tukibishania kitenzi cha kuchagua. Kigothi, tunachokijua hasa kupitia Biblia iliyotafsiriwa na askofu Wulfila katika karne ya 4, kina kiusan, wakati uliopita umoja kaus, wingi kusun, yaani s tupu. Kiingereza cha Kale kina cēosan na cēas, lakini wingi ni curon. Kinorsi cha Kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, kina kuru, na Kijerumani cha Juu cha Kale kurun. Mhadhiri aliziona r hizo kuwa mabadiliko ya baadaye tu. Mimi nilishikilia, na hadi leo nashikilia, kwamba haiwezekani lugha tatu zizue kila moja kivyake tofauti ileile mahali palepale: Kigothi ndicho kilichosawazisha, kikaweka s kila mahali.

Karl Verner wa Denmark alikwisha kueleza jambo hili katika makala iliyochapishwa mwaka 1877. S ya kale iligeuka z pale ambapo silabi iliyoitangulia haikubeba mkazo, na Sanskriti, lugha ya kale ya India iliyo na undugu na hizi, bado inaonyesha kwamba katika vitenzi vya aina hii mkazo ulikaa kwenye mzizi katika umoja, ukahamia kwenye kiambishi katika wingi. Kwa hiyo tunaandika *kaus lakini *kuzun (nyota huonyesha umbo lililoundwa upya), na z hiyo ndiyo iliyokuja kuwa r kaskazini na magharibi. Kiingereza cha leo kingali na was na were.

Basi, ndugu msomaji, kila kitenzi kiandikie maumbo manne: kitenzi jina, umoja, wingi na umbo la kutendwa. Ukiandika moja tu, hutaona kitu. Andika yote manne, katika kila lugha, na umbo linalokwenda kinyume na wenzake ulithamini kabla ya yale yaliyonyooka, hata kama mkubwa wako anakukemea. Anza na weorþan, wearþ, wurdon, worden vya Kiingereza cha Kale, kisha uweke kando yake wairþan, warþ, waurþun vya Kigothi, utazame þ (sauti ya th) ilikobaki na d ilikotokea, kwa kanuni ileile ya Verner.